Maji ya Injini

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekereza pini tatu leo. Mbili mbovu. Ya tatu Baba ameipima, akatikisa kichwa kukubali. Sifa kwake ni hiyo tu, usingoje nyingine. Vidole vinanuka mafuta ya leithi, ile mashine ya kukerezea, hata baada ya kunawa mara mbili.

Injini iko karibu. Treni ya mvuke ya kweli, ila ukubwa wake ni kama mbuzi aliyelala. Baba anaijenga tangu niko darasa la pili, kwa karakana nyuma ya jikoni, wikendi baada ya wikendi. Siku za kazi yuko kiwandani Athi River, na huko pia ni kukereza vyuma tu. Boila alimaliza Julai. Ya shaba, amelehemu kila mshono kwa mkono wake.

Tarehe ishirini na saba Umau anakuja kutoka Mitaboni. Umau ni baba yake Baba. Ujanani alichochea makaa kwa treni zile kubwa. Baba anataka kumketisha kwa kibehewa, avutwe kutoka karakana hadi choo. Reli yetu inaishia hapo. Mama hucheka. Baba hacheki.

Kazi yangu ni maji. Kisima chetu ni cha chumvi, birika la jikoni lina ukoko mweupe ndani kama chokaa. Boila haitaki hiyo. Inakunywa maji ya mvua peke yake, kutoka drum ya bluu. Ya mwezi wa nne bado yapo, nusu drum. Mlinzi ni mimi.

Jumapili, 7 Septemba

Jumuiya ya kanisa wamesali kwetu. Akina mama kumi na kitu. Nimepika chai mimi, na Mama Kanini kutoka ng'ambo ya barabara akaonja, akaitema nje ya mlango.

"Mwende! Hii ni chai ama ni supu? Chota kwa ile drum."

Nilitaka kusema ni ya Baba. Ulimi ukalala. Mimi mbele ya watu ni hivyo, hata darasani nikijua jibu naangalia dawati. Nikasema kidogo, "Ni ya injini."

Wakacheka wote. "Hii boma! Injini inakunywa ya mvua, na sisi watoto wa Mungu tunakunywa chumvi!"

Wakachota. Mama alikuwa sebuleni na Biblia, hakuona. Wengine wakabeba na ya nyumbani, kwa maharagwe, maana kwa maji ya chumvi maharagwe hayaivi hadi kesho. Mama Kanini alijaza jerikeni. Nilimshikia mfuniko. NILIMSHIKIA MFUNIKO.

Jioni drum ilibaki na tope chini. Niliona Baba atakavyomwuliza Mama, na Mama atakavyojibu, na vile watanyamaziana wiki nzima. Nikajaza kutoka kisimani, hadi alama ile ile. Kwa macho ni maji tu.

Jumatano, 10 Septemba

Sijasema. Nangoja mvua. Ni Septemba, mvua gani.

Jumamosi, 13 Septemba

Imepumua! Baba aliwasha makaa, mimi nikaangalia geji, ile bomba ya kioo inayoonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila. Shinikizo la mvuke likapanda, magurudumu yakazunguka hewani juu ya matofali. Filimbi ikalia, mbwa wote wa hapa kwetu Kalama wakajibu. Baba alicheka na meno yote. Sijawahi kuona jino lake la nyuma.

Nilifurahi. Halafu nikakumbuka ni maji gani.

Kioo kilikuwa na ukungu. Baba akasema ni vumbi la karakana. Nikapangusa.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumewasha tena, asubuhi na mchana. Imenivuta mimi hadi choo na kurudi. Ukungu uko ndani ya kioo, si nje. Haupangusiki. Kuna duara jeupe.

Ningesema leo. Baba alikuwa anaimba. Nimeacha.

Jumamosi, 27 Septemba

Umau alivaa koti la kanisani. Alifika na fimbo na kitambaa chekundu shingoni, akasema zamani kila mchochea makaa alikuwa nacho. Aliinama juu ya injini muda mrefu, akinusa. Akaniuliza, "Nani anaangalia maji?" Nikasema mimi. Akasema hiyo ndiyo kazi kubwa, ya makaa hata ng'ombe anaweza.

Baba alitaka mvuke mwingi, mtu mzima ni mzito. Akaongeza makaa. Kila mara anauliza, "Mwende, maji?" Naangalia. Nusu kioo. "Yapo, Baba." Mara tatu, nne. Yapo.

Umau alikuwa ameinua mguu mmoja aketi.

Kishindo, halafu mvuke na moto vikatoka pamoja kwa mlango wa tanuru. Mkono wa Baba wa kulia ulikuwa hapo. Mama alikuja mbio na beseni.

Umau hakuguswa. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Kulipotulia akasema, "Basi nitaenda choo kwa miguu, kama watu wengine." Akamshika Baba bega. "Zile kubwa zilikuwa zinaua watu. Hii imeunguza ngozi tu."

Baba aliangalia mshono uliofunguka. Akaniuliza pole pole, "Maji yalikuwepo, si ndio?"

"Ndio, Baba."

"Basi ni mkono wangu. Nililehemu vibaya." Alimwambia Umau, baba yake, si mimi. "Ulikuwa unatetemeka Julai, Tata. Nilijua, nikajidanganya."

Jumapili, 28 Septemba

Wao wako kanisani. Nimesema kichwa kinauma.

Nimefungua geji. Kitundu cha chini kinachoingiza maji kwa kioo kimezibwa kabisa, ukoko mweupe, kama ule wa birika. Kioo kilikuwa kinanionyesha maji ya zamani yaliyofungiwa humo. Boila ilikuwa karibu kavu. Moto ukala lehemu.

Si mkono wake.

Nikachukua pini, ile nzuri niliyokereza mwenyewe, nikakwangua ukoko mpaka kitundu kikawa wazi. Nikapuliza unga. Nikafunga. Mikono ilifanya kabla sijaamua, nataka kuandika hivyo. Si kweli. Niliamua.

Jumanne, 7 Oktoba

Baba ameifunika injini kwa gunia. Karakana imefungwa. Ngozi ya mkono inapona. Anaweka kikombe mezani akiuangalia mkono kama wa mtu mwingine.

Jumatano, 15 Oktoba

Mama ameniambia tukichambua mboga. Baba ameomba kazini atolewe kwa leithi. Amewaambia mkono hauko sawa, asije akakata mtu ama kuharibu kazi. Wamempeleka stoo. Atakuwa anagawa glavu na bolti.

Mama anasema, "Ni uzee, itabidi tuzoee."

Si uzee, Mama. Ni mimi. Nimechambua mboga hadi nikatupa majani nikabaki na vijiti.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimemwambia Baba. Alikuwa nyuma ya nyumba anatengeneza jembe. Nilianza na chai ya jumuiya, nikaruka, nikarudi. Nilipofika kwa pini nikamaliza kwa kunong'ona.

Hakupiga kelele. Alifungua karakana, akatoa gunia, akanipa msumeno wa chuma. "Kata." Nikakata boila pale ubavuni, muda mrefu, shaba ikilia. Ndani ilikuwa nyeupe kote. Baba akakwaruza kwa ukucha.

"Kumbe si mkono."

"Si mkono, Baba."

Akaugeuza mkono. Juu, chini. Nilidhani atafurahi, na kidogo uso ulianza. Halafu akaketi juu ya debe la makaa.

"Wameshampa kijana mwingine mashine yangu. Anaipenda. Siwezi kwenda kumtoa."

Nilisema pole. Neno dogo sana, lakini sikuwa na lingine, si kwa Kiswahili, si kwa Kikamba, si kwa Kiingereza.

"Maji ningesamehe siku ile ile," akasema. "Ungesema tu."

Boila haikuniuma hata robo ya hiyo. Siku ile ile. Nilikuwa nazo ngapi, zote nikazipitisha nikiangalia chini.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua imekuja tangu Alhamisi. Nilikuwa nimemwaga drum yote, nikaisugua kwa mchanga, nikaisuuza na maji ya mvua ya kwanza, nikairudisha chini ya paa.

Umau amepiga simu. Anauliza kila wiki kama mgonjwa amepona, yaani injini. "Bado, Tata," Baba akasema. Hakumwambia zaidi. Kuna bamba la shaba la boila mpya limeegemea ukuta wa karakana, halijaguswa.

Mchana Mama Kanini alikuja na jerikeni, akifungua mfuniko kama wa kwake.

"Hapana," nikasema. "Hiyo hapana, Mama Kanini. Weka sufuria yako kwa paa lako, mvua ni ya wote."

Akanitazama. "Kumbe haka katoto kana mdomo!" Akaenda zake, bila hasira.

Baba alikuwa mlangoni mwa karakana, amesikia. Akatikisa kichwa, vile alivyofanya kwa ile pini, kisha akaingia ndani. Nilisikiliza kama leithi itawaka. Nilisikia mvua tu.

Drum imejaa. Inamwagika chini. Nimeifunika.