Bia Uliyoichagua

Kaka Mutinda,

Sauti yako iliyobaki masikioni mwangu si ya kuongea. Ni ile ya pua yako ndani ya glasi: pumzi fupi fupi za haraka, kama mbwa aliyenusa mtu anayemjua. Wenzetu wa baa walikucheka, "Mutinda anapiga chafya kinyumenyume." Wewe ulikuwa umeshafika mbali, ndani ya glasi.

Tangu usafirishwe kwenda kuzikwa Kitui, mengi hayajabadilika hapa Muscat. Joto ni lile lile. Chumba changu mtaani Wadi Kabir bado kinanuka oili ya gereji. Wageni hotelini bado wanataka kila bia iwe barafu. Kilichobadilika ni kwamba kazi yako ya kuonja bia kabla hazijauzwa wamenipa mimi.

Nakumbuka alasiri uliyofungua sampuli ya ile bia ya Kiingereza waiitayo “pale ale”. Nilitaka kuinywa ikitoka kwenye friji, ukanipiga kikofi mkononi. "Baridi ni ganzi, Chebet. Utaonja ganzi." Tukazikumbatia glasi kwa viganja, tukangoja. Nikanywa, nikasema ni chungu. "Uchungu gani? Wa mwarobaini? Wa kahawa? Mtoto wa Kericho wewe, umekulia kwenye majani chai, usinitie aibu!"

Nikarudia. Bia ilikuwa imepata joto kidogo, ikafunguka: biskuti iliyotoka jikoni, kisha ganda la chungwa, kisha majani makavu ya chai, na uchungu ukaja mwisho, mpole, ukatulia kooni. Maji, shayiri, maua machungu ya hopsi, hamira, basi. Nilijihisi kama mtu aliyeingia kanisani mchana, hakuna watu, na bado akainamisha kichwa. Ukacheka. "Sasa umeonja." Ukaiagiza siku ile ile.

Mapipa yalifika wewe umeshaondoka. Meneja alikuwa ameandika ubaoni, Chaguo la Mutinda. Jikoni, mapokezi, kila mtu alitaka tukukumbuke kwa bia hiyo. Ilibaki mimi niionje na kuipitisha. "Utaratibu tu," meneja aliniambia.

Nikaipasha viganjani. Nikanusa. Kaka, ilikuwa boksi lililolowa. Harufu ile ile ya kipande cha boksi ulichokiloweka kwenye maji ya moto, ukanifunga macho kwa kitambaa, ukasema hivi ndivyo bia inavyonuka ikipigwa na joto safarini. Nilinusa tena nikiomba niwe nimekosea. Nikanywa. Chini kabisa, nyuma ya uchakavu ule, chungwa lilikuwepo bado, hafifu, kama taa ndani ya nyumba uliyowahi kuishi.

Niliikumbatia tena glasi, na haikuwa kwa huzuni peke yake. Uko chini ya udongo wa Kitui, nami nimesimama nyuma ya kaunta huku, na bado ni wewe uliyenionyesha kilichomo ndani ya glasi. Ni kitu gani hiki, mtu kumwachia mwenzake pua yake? Sikulia. Nilistaajabu tu, glasi mkononi, mpaka meneja akauliza kama naumwa.

Ningeweza kunyamaza. Wangeinywa kwa heshima yako, wangesema ni tamu, na hakuna kati yao ambaye angejua. Ila wewe ungejua. Na siku moja mgeni anayeijua bia angeuliza: hiki ndicho alichokichagua?

Lala salama, kaka yangu. Nakuahidi sitapitisha glasi yoyote kwa sababu tu nampenda aliyeileta.

Leo asubuhi nimeikataa bia yako. Ubao nimeufuta kwa mkono wangu, na mapipa yamepakiwa kwenye lori, yamerudi kwa msambazaji. Wenzetu wengine hawanisemeshi. Nimeagiza mapipa mengine ya bia hiyo hiyo, na nimetaka yaje kwenye gari la friji.

Chebet