Niliita Majani Tu

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakusihi haya yabaki kwako, usimwambie hata bibi yako, dada yangu. Najua unacheka nikikuita mjukuu, maana tumepishana miaka michache tu. Huku Durban sote wazima, na mama anakusalimu.

Umeuliza kwa nini hasuki tena mikeka. Unaikumbuka mikindu ya kando ya kijito, hapa Cato Manor, aliyoitunza miaka yote na kuwafundishia majirani kuchana kindu, kutia rangi na kusuka. Mwaka jana fomu ya kusafisha eneo lile ililetwa ofisini kwetu tujaze kilichopo pale. Mkuu wangu akaniuliza, "Wewe unakaa huko. Pale pana nini?" Karatasi za kibali changu cha kazi zilikuwa mezani kwake zikisubiri sahihi. Niliogopa kusema kwamba pale pana mikindu ya mama yangu. Nikajibu, "Majani tu," na nikaandika hivyo kwa mkono wangu.

Buldoza lilipomaliza, jirani yetu Mkongo, Mama Bea, alimshika mama mkono. "Eish, dada, nani alisema hii iko majani?"

"Mtu ambaye hajawahi kulalia mkeka," mama akasema.

Mimi nilizaliwa juu ya mkeka wake. Kibali nilipata.

Nijibu kwa barua, uitume ofisini. Usinipigie nikiwa nyumbani, kwa sababu simu yangu huipokea mama, na kila ndugu anayepiga, mama humuuliza kama ameshamjua aliyeandika kwamba pale ni majani.

Bibi yako mdogo,
Mwanaidi