Sahani ya Maharagwe Mbele ya Madereva

Emali,
Jumamosi alasiri

Kwa dada yangu Mwikali,

Pokea salamu nyingi kutoka huku barabarani. Mko wazima hapo Mwingi? Goti la Mama limepoa? Mimi mpaka saa hii ni mzima kabisa, na hiyo ndiyo taabu yangu, kama utakavyosoma.

Unajua napika katika hoteli ya Mzee Athumani. Jana alinunua gunia la maharagwe mekundu ya Loitokitok. Sisi tulilelewa na mbaazi na kunde. Haya mekundu sikuyajua. Nikayachambua mawe, nikayaloweka, na leo asubuhi maji yalikuwa yamegeuka rangi, yana povu. Nduku, mwenzangu wa jikoni, akasema nimwage, eti yanaumiza tumbo. Nimwage maji! Mimi niliyekua nikichimba mchanga mtoni kupata kibuyu kimoja? Nikayapika na maji yayo hayo. Naye Mzee hakuacha kuchungulia jiko, "Punguza makaa, mwanangu, punguza," basi yakachemka kivivu. Ganda lilipolainika nikapakua, kama tunavyofanya ndengu nyumbani.

Madereva wawili wa lori walikula huku wakingoja kuzibiwa pancha. Gurudumu halijarudishwa, wote wawili wako nyuma ya ukuta wanatapika. Mmoja, jitu refu lenye sauti ya kanisani, akaja jikoni na spana mkononi.

"Wewe mama, kwenu ni wapi?"

"Kitui," nikasema. Hapo nikajimaliza.

"Si mnasikia? Kitui! Huyu ametuwekea kitu kwa chakula!"

Watu wakajaa mlangoni. Unajua sifa ya uchawi tuliyopewa, dada. Mtu wa kwetu akipiga chafya, jirani anasema amerogwa.

"Ni maharagwe," nikasema. "Hayajaiva vizuri."

"Basi kula wewe. Ukikosa kuumwa, tutajua ni nani."

Mzee Athumani akaniletea sahani kwa mkono wake. "Kula, mwanangu. Hoteli itafungwa hii." Nikala yote, nikapangusa sahani kwa chapati. Nilikula kwa hasira, si kwa njaa.

Sasa nimekaa benchi la nje na madereva wananitazama. Naandika huku nikingoja. Kivuli cha hoteli kimeshafika barabarani na tumbo langu limetulia tuli. Tumbo gani hili! Njaa za Kitui zimelifundisha kunyamazia kila kitu. Maisha yangu yote nimemwomba Mungu afya, na leo namwomba anitapishe, tena upesi. Naogopa, dada. Nikibaki mzima wataniita mchawi na kunifukuza kwa mawe, na neno hilo litafika huko kabla yangu. Nani ataoa kwetu? Binti yangu Kanini, unayenilelea, ataambiwa nini shuleni?

Msalimie Mama, mpe Kanini mkono wangu, na shemeji pia. Mwambie mchungaji aniombee, lakini usimwambie ni ombi gani.

Ngoja kidogo.

Dada, imekuja! Yote, mbele yao wote, hata viatu vya lile jitu havikupona. Ameitupa spana akanishika mabega nisianguke. "Pole, mama," anasema, "pole sana, toa yote." Nduku analia na kucheka. Mimi natetemeka, kichwa kinazunguka, nataka kutapika tena, na tangu nizaliwe sijapata furaha kama hii.

Ni mimi mdogo wako,
Syombua, mpishi mbaya tu.