Kaptula ya Kupandia Mlima

Mbeya,
9 Juni 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kamwene sana. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha baridi kiwe kimekuacha. Mimi sijambo, ila mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Usishtuke, haukuvunjika.

Nilianguka Jumatano, juu huko Loleza. Unajua kazi yetu ni kupanda milima kutafuta chemchemi na kupima maji yake. Wenzangu wanne ni wanaume, na ofisi iliwapa kaptula za kaki. Mimi nilipewa gauni la kaki. Tulikuwa tunateremka, gauni likanasa kwenye kisiki, nikabiringika kama gunia mpaka kwenye matete. Bwana Silvester, mkubwa wetu, alisimama juu yangu akasema, "Nilisema tangu mwanzo. Mlimani si mahali pa mwanamke."

Mama, sikuanguka kwa sababu ni mwanamke. Nilianguka kwa sababu ya gauni.

Sasa anataka nikae ofisini nipige taipu. Safari kubwa ya kwenda kilele cha Mlima Mbeya ni mwezi wa tisa. Nisipokwenda, nafasi yangu atapewa mtu mwingine, na miaka yangu miwili ya chuo itakuwa ya kupigia barua za wengine.

Wewe ni fundi. Nusu ya wanaume wa Iringa wanatembea na kaptula zako. Nishonee moja ya mwanamke, ambayo nikiinua goti hainishiki.

Msalimie Danieli, mwambie asome.

Mwanao,
Lea


Iringa,
21 Juni 1974

Mwanangu Lea,

Marahaba. Barua imefika, na nimemshukuru Mungu kwa mkono wako. Huku tu wazima. Mahindi tumevuna, kikohozi kinakuja na kuondoka. Mdogo wako anasoma, na anakula kuliko anavyosoma.

Kaptula sitashona.

Tangu baba yako afariki nimewalea ninyi wawili kwa cherehani hii moja. Watu wananiletea nguo zao kwa sababu wanajua hapa ni kwa mjane anayejiheshimu. Wakisikia nimemshonea binti yangu kaptula, nani atamleta tena binti yake nimshonee gauni la kipaimara? Na usijifanye hujui mambo yalivyo. Juzi hapa stendi vijana walimzunguka msichana, wakamchania sketi yake kwa kuwa iliishia juu ya goti. Alikimbilia dukani kwangu analia, nikamfunga kitenge. Wewe unataka kupita mbele ya watu kama hao mapaja nje?

Kama kazi haiwezekani na gauni, basi kazi hiyo si yako. Kupiga taipu kuna aibu gani? Wenzako wanaililia.

Pandisha pindo kidogo, funga mkanda, utembee polepole.

Mama yako,
Marta


Mbeya,
3 Julai 1974

Mama,

Shikamoo. Mkono umepona, asante kwa kumshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nililia, ya pili nilikasirika, ya tatu nilikwenda sokoni nikanunua kaptula ya kiume. Nakuambia mwenyewe ili usisikie kwa watu.

Nilipokuwa JKT nilivaa bombo, ile kaptula ya jeshi, miezi yote, na nikapiga kwata ndani yake mbele ya wakubwa wa nchi. Hakuna aliyesema nimekosa heshima. Nilipoivua ndipo miguu yangu ikawa dhambi? Ni miguu ile ile, mama. Ulinizaa nayo.

Yule msichana wa stendi hakuwa na kaptula. Alikuwa na sketi, na bado walimchania. Kwa hiyo usiniambie gauni litanilinda.

Jumatatu nilivaa kaptula yangu nikatoka Iyunga ninakoishi, nikapita barabara kuu mchana kweupe. Walipiga miluzi. Mwanamume mmoja alinitupia ganda la muwa. Niliokota lile ganda nikamrudishia mkononi, nikamwambia, "Umeangusha." Nikaendelea na njia yangu, sikukimbia.

Ila kwa ukweli, kaptula yenyewe ni mateso. Kiunoni inaning'inia, kwenye makalio inabana. Mishono yote inakutana pale pale mapaja yanaposuguana, na baada ya saa mbili nilikuwa na kidonda. Ukungu ulipotulowesha ikawa nzito kama turubai. Hata hivyo nilipanda na nikashuka, na sikuanguka.

Sikuombi tena unishonee. Nakuarifu tu.

Mwanao,
Lea


Iringa,
18 Agosti 1974

Lea,

Hujambo? Huku hatujambo.

Nimekaa wiki sita bila kukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi.

Nani amekushonea takataka hiyo? Mishono minne haikutanishwi katikati ya mapaja ya mtu anayepanda mlima, hata awe mwanamume. Huyo si fundi.

Nitumie vipimo. Kiuno. Makalio, mahali palipo panene kabisa. Paja ukiwa umesimama, kisha paja hilo hilo ukiwa umekaa. Halafu weka mguu juu ya kiti kama unayepanda ngazi, upime kutoka kiunoni kwa nyuma mpaka gotini. Wanaume hawapimwi hivyo, ndiyo maana kaptula yao inakushika.

Usidhani nimekubali. Sitaki tu mwanangu awe na kidonda.

Mama


Mbeya,
25 Agosti 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Natumaini kifua kinapumua vizuri.

Vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Rafiki yangu Apolonia ndiye aliyenipima, tukacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Safari ni tarehe kumi na sita Septemba. Bwana Silvester ameshaandika majina manne ubaoni, langu halimo. Nilichukua chaki nikaliandika la tano. Alilifuta. Nikaliandika tena akiwa ananitazama. Akasema, "Utapanda na nini, dada? Na kanzu?" Wote wakacheka. Nikamwambia, "Na miguu." Mara hii hakulifuta.

Mama, iwe na mifuko inayofungwa. Dira ikiwa mfukoni inanigonga paja.

Mwanao,
Lea


Iringa,
8 Septemba 1974

Mwanangu Lea,

Kamwene. Mimi ni mzima wa afya, hayo mengine utayasoma humu. Kifurushi nimempa Saulo, anayeendesha lori la mchele wa Chimala. Atakufikishia Jumatano.

Kaptula ziko mbili. Nimetumia kaki nyepesi, nikaifua mara tatu ilainike. Katikati ya mapaja nimeweka kipande cha pembe nne, ili mishono isikutane. Kiuno kwa mbele ni bapa na kina vifungo viwili, kwa nyuma kina lastiki, kwa hiyo ukiinama hakikuachi wazi. Urefu ni vidole viwili juu ya goti. Mifuko ina vifuniko.

Ya kwanza niliyoshona hukuletewa. Kile kipande cha katikati kilikuwa kikubwa, kikaning'inia kama nepi. Nimejuaje? Niliivaa mwenyewe. Nani mwingine angenijaribia? Nilirekebisha, nikaona kuzunguka cherehani chumbani hakutoshi. Kulipopambazuka Jumamosi niliivaa, na blauzi kwa ajili ya baridi, chini ya gauni, nikaenda kupanda jiwe la Gangilonga. Mimi, na miaka yangu hamsini na mbili.

Nilipofika katikati gauni likanasa kwenye ufa. Nilivuta, halikutoka. Mguu mmoja ulikuwa hauna pa kukanyaga, na chini niliona mapaa ya nyumba. Lea, hapo ndipo nilipoielewa barua yako ya kwanza. Nililichana gauni lile kwa mikono yangu, nikalivua, nikaendelea mpaka juu. Nilikaa pale nimevaa blauzi na kaptula, upepo unanipiga magotini. Sijui mara ya mwisho magoti yangu yaliona upepo lini.

Wakati wa kushuka nilikutana na Verediana, mwenyekiti wetu wa akina mama, anatoka kuokota kuni. Aliangusha mzigo mzima. Kufikia adhuhuri mtaa wote ulikuwa unajua.

Leo baada ya ibada wazee wa kanisa waliniita. Mzee Ezekia akaniuliza, "Mama Lea, ni kweli ulionekana nusu uchi?"

Nikasema, "Nilionekana na kaptula. Ile uliyovaa Jumanne ukichunga ng'ombe nilishona mimi, na yangu ni ndefu kuliko yako."

Akasema nikiomba radhi mbele ya akina mama Jumapili ijayo, yataisha. Nisipoomba, niache kuongoza kwaya. Nimeiongoza miaka kumi na moja.

Nimemwambia sina radhi ya kuomba. Wewe nenda ukapande.

Mama yako,
Marta


Mbeya,
2 Oktoba 1974

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Na moyo wako? Mimi ni mzima kabisa, sina hata mchubuko.

Tulipanda siku mbili. Asubuhi ya kwanza Bwana Silvester alinitazama kuanzia juu hadi chini, akageuka akaanza kutembea, kwa mwendo wa kunikomoa. Nilimfuata nyuma yake hatua kwa hatua. Nilikuwa nainua goti mpaka kifuani, na kitambaa kinakuja nalo. Ukungu ukatulowesha, kaptula ikakauka mwilini kabla ya chai. Tulipofika kileleni nilikuwa wa pili, na chemchemi tatu za upande wa kaskazini nilizipima peke yangu.

Tuliporudi alinipa barua ya onyo kwa mavazi yasiyofaa, nitie sahihi. Niliandika chini yake: "Nimesoma. Sikubali. Chemchemi tatu nilizopima nikiwa na mavazi hayo ni hizi," nikaziorodhesha zote na maji yake. Barua ikaenda mkoani hivyo hivyo.

Jibu limekuja jana. Taipu sitapiga. Nimepangiwa milima ya juu ya Chimala, ile miteremko ambayo kila mtu anaikwepa. Bwana Silvester anaona nimeadhibiwa. Mimi nilirudi chumbani nikaruka juu ya kitanda.

Lakini mama, furaha yangu haijakamilika. Umepoteza kwaya kwa ajili yangu. Nimeomba ruhusa ya siku nne. Nitakuja Iringa, nitavaa gauni refu, nitasimama mbele ya wazee na akina mama, niseme kosa ni langu, mimi ndiye niliyekushawishi. Niruhusu.

Mwanao,
Lea


Iringa,
13 Oktoba 1974

Mwanangu Lea,

Marahaba, mpima maji wa Chimala. Huku sote wazima. Danieli anakwenda shuleni anatangaza habari zako mpaka mwalimu amemwambia atulie.

Ruhusa sitoi. Ukija hapa kuomba msamaha, nitafunga mlango na utalala kwa Verediana. Unataka kuwaambia kosa ni lako? Ni nani aliyepanda lile jiwe? Ni nani aliyechana gauni? Nilifanya mwenyewe, na akili zangu zote zikiwapo. Usinipokonye.

Wateja wengine wameniacha, sitakuficha. Mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Nilimkunjia vizuri nikampa. Wengine wamebaki, na kazi inanitosha.

Kwaya amepewa Roza, mke wa mwinjilisti. Ni mtoto mzuri, lakini sikio lake ni zito. Jumapili mbili nilikaa nyuma kama niliyeadhibiwa. Jana usiku nilijiuliza, nani alisema nikae nyuma? Hakuna. Nilijipeleka mwenyewe.

Basi leo nimekwenda mapema, nikakaa benchi la kwanza. Wimbo wa pili Roza aliuanzisha juu mno, sauti za akina mama zikaanza kukatika. Nilisimama pale pale nilipokuwa nikaushusha, kwa sauti yangu yote, nikimtazama Mzee Ezekia. Walionifuata kwanza ni wanaume wa besi. Halafu Verediana. Halafu Roza mwenyewe, na tukaumaliza wote kwa pamoja. Hakuna aliyeniambia nikae.

Jumapili ijayo nitakaa hapo hapo.

Mama yako,
Marta