Nilisahihisha Kabla ya Kusoma

4 Machi

Kwako mdogo wangu Barafu,

Habari za hapo nyumbani? Wifi hajambo? Kile kidole kilichochomwa na sindano ya mashine kimepona? Na Baba je, kifua kinampa nafasi ya kupumua? Mimi mzima, ila mgongo tu, unajua tena kazi za kukaa.

Najua umenuna. Ujumbe wako wa juzi kwenye kundi la familia niliurudisha umenyooshwa, nikaweka vinyota kila palipokosewa, na Shangazi akajaza zile sura za kucheka mstari mzima. Tangu hapo kimya. Usininunie bwana! Dada yako ni msahihishaji. Kutwa nasoma vitabu vya watu kabla havijaingia mtamboni, na kosa likinipita ndiyo limeshachapwa, halirudi. Jicho likishazoea hivyo halizimiki nikitoka ofisini.

Na nisikufiche, naona nina haki kidogo. Siku hizi watu wanaandika kama wanafukuzwa. Herufi zinaliwa, nukta hakuna, maneno mawili yamebanana kama watu kwenye lifti. Mtu akiniandikia hivyo ni kama ananiambia: hangaika mwenyewe. Halafu wewe una karakana, wateja wanakusoma kabla hawajakuona. Fundi akiandika ovyo, mteja atadhani na jokofu lake litafungwa ovyo. Nakutakia mema tu, mdogo wangu.

Haya, nijibu. Ila usinitumie sauti, na mchana usinipigie. Kwenye chumba chetu simu zote tunazitia kimya, wenzangu wanasoma. Wewe niandikie, nitaona nikitoka kunywa chai.

Dada yako

7 Machi

Dada, shikamoo.

Sisi hatujambo. Kidole cha wifi yako kimepona, amesharudi kiwandani, anaingia asubuhi anatoka jioni. Barua hii ameipitia yeye, kwa hiyo ukikuta imenyooka usinipigie makofi mimi.

Sijanuna. Nimeona haya, hilo ndilo neno lake. Kwenye lile kundi yumo mkwe wangu. Siku ile nilikuwa nimejikunja nyuma ya jokofu la mwenye bucha, simu nimeishika kwa vidole viwili kwa sababu ya grisi, na habari yenyewe ilikuwa inanichoma, siwezi kungoja mpaka ninawe. Asubuhi ile Baba alitoka kitandani akatembea mpaka getini bila kushikwa na mtu. Tangu arudi kutoka hospitali hajawahi. Alisimama pale anasalimia wapita njia utadhani anaomba kura!

Jioni akaniuliza, "Wenzako wamesemaje?"

Nikafungua kundi. Nikakuta vinyota vyako, vicheko vya Shangazi, na Mjomba anasema fundi arudishwe darasa la kwanza. Habari ya Baba hakuna aliyeigusa, Dada. Hata mmoja. Nikamwambia, "Wamefurahi sana, Baba. Dada ndiyo amefurahi kupita wote." Akalala anatabasamu.

Basi, ndiyo hivyo. Kuanzia sasa nitakuwa naandika kwa uangalifu.

Mdogo wako

10 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Nawasalimu wote. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za ofisi, nimesimama, ikabidi nikae.

Nimeufungua tena ujumbe wako. Kweli umeandika: Baba ametembea mpaka getini. Barafu, sikuiona hiyo habari. Naapa sikuiona. Niliona nukta haipo na herufi imeliwa, nikanyoosha, nikatuma, nikarudi kwenye kurasa zangu. Nilisahihisha kabla ya kusoma. Mtu mzima mimi, ninayelipwa kwa kusoma!

Nilimpigia Baba nikamsifia miguu. Akashangaa, "Si ulishafurahi siku ile ile?" Nikasema ndiyo, Baba, nafurahi tena. Kwa hiyo sasa tumemdanganya wote wawili, wewe kwa upendo na mimi kwa aibu.

Nisamehe, mwanangu wee. Kwenye kundi sitakugusa tena. Na habari za Baba nipe kila zinapotokea, nzuri na mbaya. Mwambie na wifi ahsante, barua ilikuwa safi kabisa, hata mkato mmoja haukunikwaza. Mkiendelea hivi mtanipokonya kazi.

Dada yako

2 Mei

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Wifi mzima? Kazi zinakwendaje na mvua hizi, si ndiyo umeme unakatika ovyo na majokofu yanakufa?

Barafu, Aprili yote umenitumia dole gumba. Nauliza Baba anakulaje, dole gumba. Nauliza dawa amemaliza, dole gumba. Kwenye kundi nako umekuwa kama mgeni, unapita unaangalia unatoka. Nikimpigia Baba mwenyewe ananiambia hajambo, na wewe unamjua, hata akiwa amefunikwa mablanketi matatu atasema hajambo. Macho yangu huko ni wewe. Kama bado una kinyongo nitukane, nitavumilia. Ila useme kitu.

Dada yako

9 Mei

Dada, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Hapa nyumbani tunaendelea vizuri. Hali ya Baba ni ya wastani. Daktari amembadilishia dawa na ameshauri apumzike zaidi. Safari za getini amezipunguza.

Sina kinyongo. Ninachelewa kuandika kwa sababu mwandishi wangu anarudi kutoka kiwandani akiwa amechoka, na sipendi kumsumbua kila siku. Wifi yako anakusalimu.

Mdogo wako

21 Juni, jioni

Dada, shikamoo.

Baba amezidiwa tangu asubuhi na amelazwa. Anakuulizia. Tafadhali, njoo.

Mdogo wako

6 Julai

Mdogo wangu,

Mmeamkaje hapo? Mmelala kidogo? Wifi anakula? Mimi nimerudi kazini tangu juzi. Nasoma ukurasa mmoja asubuhi nzima halafu sikumbuki umesema nini.

Siku zile za msiba hatukuongea, wewe na mimi. Watu walikuwa wengi, viti vya kupanga, maji ya kuchota, na kila nikikuangalia unapata kazi ya kufanya upande wa pili wa ua. Hata pale hospitali, niliposhuka kwenye basi la alfajiri ukanipokea begi bila kuniangalia usoni, nikajua hapo hapo kwamba nimemkosa.

Nina swali, na limenikaa kama mwiba. Muuguzi aliniambia Baba alinitaja tangu asubuhi ya jana yake, kila mlango ukifunguliwa anauliza kama ni mimi. Ujumbe wako ulinifikia jioni, basi la mwisho limeshaondoka. Ningeupata asubuhi ningepanda la mchana, ningemkuta anaongea. Ningemshika mkono, Barafu.

Nimeufungua ule ujumbe sijui mara ngapi. Umenyooka. Hauna kosa hata moja. Hapo ndipo ninapoanza kuogopa. Niambie ukweli, hata kama utaniuma.

Dada yako

11 Julai

Dada shikamoo

Barua hii wifi yako ajaiona, naandika mwenyewe nimekaa karakana. Makosa utakayo yaona ni yangu usimlaumu yeye

Ni kweli Baba alizidiwa asubuhi. nilikupigia simu ikaita mpaka ikakata ndio nikakumbuka uwa mnazitia kimya. Nikaanza kuandika pale pale kwenye korido ya wodi. nikaandika nikafuta nikaandika tena. Kila neno nikiliangalia naona limekosewa, ata neno baba nililiona limekosewa dada. Herufi nne. nikasema ngoja wifi yako atoke kazini aupitie, si unajua simu zao zinakusanywa mlangoni. Baba alikuwa bado anaongea vizuri tu nika dhani muda upo

Usiniulize kwanini sikutuma ivyo ivyo. Najiuliza mwenyewe kila nikishika simu. Nilikuwa naona habari ya baba inarudi imejaa vinyota na watu wanacheka na yeye amelala pale anavuta pumzi kwa shida. Ulisema autanigusa tena, ulisema umeacha, najua. Lakini mwili ulikuwa aujaamini

Mchana akaniuliza umemwandikia dada yako? Nikamwambia ndio baba yupo kwenye basi. Akasema mwambie asiharakishe ntamsubiri

Ayo maneno nilishindwa kukupa nikikutazama ndio maana nilikuwa na kukimbia pale msibani. Alikusubiri kweli, alikataa ata kulala. Nisamehe dada yangu. Mimi ndio nimekukosesha baba

mdogo wako

12 Julai

Mdogo wangu, marahaba.

Leo sikuulizi habari. Najua huna nzuri, na mimi sina.

Barua yako nimeisomea ofisini, mezani kwangu. Kuna jambo ningependa kukuficha lakini tumeshafichana vya kutosha. Kwenye mstari wa kwanza tu, kabla sijafika kwa Baba, mkono wangu ulikuwa umeshaokota kalamu. Barua iko kwenye simu, hiyo kalamu ingeandika wapi? Lakini niliiokota. Nilipofika pale Baba aliposema atanisubiri ndipo nilipoiona imo mkononi. Nililia mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuniuliza kuna nini. Nikamwambia mafua.

Usiniombe msamaha. Nakukataza kabisa, kama dada yako mkubwa. Uliniletea habari ya furaha nikakurudishia makosa, sasa ya msiba ungeniletea kwa moyo gani? Pale kwenye korido ulidhani uko peke yako na simu yako. Nilikuwa nimekusimamia kichwani, Barafu, neno kwa neno.

Baba alinisubiri. Wewe ulihangaika kuniita. Aliyechelewa ni mimi, na nilianza kuchelewa tangu Machi.

Dada yako