Beseni Nililoliweka Nyuma ya Hema

Binti yangu Mwajuma,

Naandika kwa mkono wangu, sijaandikiwa na mtu. Niliishia darasa la pili lakini herufi zangu zinasomeka, na anayebisha aje. Najua uko Mwamgongo kwa shangazi yako, najua una watoto, na salamu ninazowapa watu wa boti zinakufika ila hurudishi. Sikulaumu. Nisikilize tu.

Unaukumbuka mwaka ule wakimbizi walipoanza kushuka ufukweni kwetu, boti baada ya boti, na kipindupindu kikaingia. Mahema ya wagonjwa yalisimamishwa pale pale mchangani. Mimi nikachukuliwa kubeba machela, wewe kuwanywesha watoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Kwa machela hakuna aliyenifikia, hata leo hayupo. Mbele nilishika peke yangu, nyuma vijana wawili wakipokezana, na wao ndio waliohema.

Mkuu wa hema alikuwa Sista Godeliva, naye mkimbizi, Mrundi. Akaleta ndoo yenye bomba, akasema kila mfanyakazi anawe pale kwa sabuni, maji yakitiririka, kabla ya kumshika mgonjwa na baada ya kumshika. Foleni, anayewahi ndiye wa kwanza. Mimi nisimame nyuma ya watoto wa juzi? Nikachukua beseni, nikatia maji na dawa ya klorini, nikaliweka nyuma ya hema. Wenzangu wakanifuata. Tukawa tunanawa kama nyumbani wakati wa chakula, mkubwa kwanza, kisha anayemfuatia, maji yale yale. Mimi wa kwanza. Wewe, mdogo wa wote, wa mwisho.

Sista alilikuta akalimwaga mbele ya watu.

"Muzee, dawa inachoka. Wewe unaacha uchafu wako humu, huyu binti yako anaondoka nao."

"Sista, mimi nimeanza kunawa wewe hujazaliwa."

"Ego, ndiyo, na leo utanawa upya."

Watu walicheka. Kesho yake nikalirudisha beseni, safari hii nikaliweka katikati ya magunia lisionekane. Ukaniambia pembeni, "Baba, twende bombani. Nitakuwekea nafasi mbele yangu." Nikakujibu kwamba binti hamfundishi baba yake kunawa.

Siku ile nilikuwa nimetoka kubeba maiti. Nikaingiza mikono mpaka kwenye viwiko. Wakafuata wengine wanne, maji yakawa ya kijivu. Ukanitazama, nikakutazama, ukanawa. Kisha ukakaa na kipande chako cha muhogo, ukala.

Kesho yake ulikuwa kitandani. Siku mbili hukuwa na sauti. Macho yalizama, ngozi ya mkono wako niliifinya ikabaki imesimama kama nguo.

Siku ya tatu Sista alitupanga mstari. "Nani amerudisha beseni?" Wale wanne waliangalia miguu yao. Kulikuwa na Nestori, mkimbizi mwenzake Sista, kazi yake kufagia na kuchanganya dawa, na ufunguo wa stoo ya dawa na vyombo alikuwa nao yeye. Nikasema, "Muulizeni anayechanganya dawa." Hivyo tu. Nestori akasema, "Oya, hapana, si mimi." Akasema mara ya pili. Sista akanyoosha mkono kudai ufunguo. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ndoo, akaondoka bila kazi.

Turubai halizuii maneno, ulisikia yote. Sauti ilipokurudia hukuomba maji. Ulisema, "Baba, kamwambie Sista." Nikasema nitamwambia. Kila siku ukaniuliza, kila siku nikasema kesho. Siku uliyoweza kusimama hukuniuliza tena. Ukafunga nguo zako, ukapanda boti. Nestori, serikali ikaja ikamrudisha kwao na wenzake, sijui kama yu hai. Sista naye aliondoka akiamini uongo wangu.

Sasa boti za wakimbizi zimeanza tena kufika, mwanangu, na mahema yamerudi. Wameniita niwafundishe wabebaji wapya, maana sifa zangu zinajulikana. Jana nilipofika, mmoja wa wale wanne, naye mzee sasa, akanipokea kwa heshima zote. "Kaka, beseni lako tayari." Lilikuwa nyuma ya hema, maji na dawa. Wafanyakazi wamesimama kwa umri wakinisubiri nianze. Mwisho wa mstari alikuwepo msichana, ameshika kikombe na kijiko.

Nikalipiga teke. Wakadhani uzee umenipanda kichwani, wakaniuliza kuna nini. Kinywa changu hiki, kisichoshindwa na mtu Ujiji nzima, kikagoma.

Ndiyo maana nimeandika, karatasi mbili zenye maneno yale yale. Moja inakuja kwako. Ya pili nimetaka ibandikwe juu ya bomba, kila anayenawa asome: beseni lilikuwa langu. Binti yangu aliugua kwa maji ya mikono yangu. Nestori hakukosa lolote.

Mganga anayesimamia mahema sasa ameisoma polepole. Akaniuliza, "Mzee, tufiche jina? Watu wanakuheshimu." Nimemwambia asiliguse. Nimeliandika kubwa kuliko maneno mengine yote, wasije wakadhani ni mtu mwingine.

Wabusu wajukuu zangu. Hata usipojibu, nitajua umesoma.

Ni mimi baba yako,
HAMISI, MBEBA MACHELA