Madoa ya Chokaa Kwenye Vioo vya Mnara

Ni mwaka sasa, Babu, tangu ushuke zile ngazi mia na nne za mnara wa taa, ukaketi kwenye kiti chako cha mlangoni na kusema, "Leo zimeongezeka." Tukacheka. Kumbe ulikuwa unatuaga. Ulituacha kabla chai yako haijapoa, wewe ambaye maisha yako yote hukuwahi kuinywa ya moto.

Bibi ameagiza tangazo hili la kumbukumbu niliandike mimi, tena bila mizaha. Nitajitahidi, ila wewe unanijua. Ndiwe uliyenipa jina la Kasuku.

Uliitunza taa ya ile bustani ya ziwani miaka thelathini na mmoja. Kila Jumamosi uliwapokea watazamaji wa ndege, ukawaazima darubini yako iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, na ole wake atakayesema "kale kandege kadogo ka kahawia." "Kana jina," ulimkatiza. "Wewe ukiitwa kale kajitu kanene utafurahi?" Walicheka, na wiki iliyofuata walirudi wakiwa wamejifunza majina.

Mbayuwayu waliojenga chini ya roshani ya mnara uliwaita wapangaji wako. Wakituchafulia nguo, ulikuwa upande wao. Uliongea nao kuliko ulivyoongea na Bibi, na Bibi anasema alishazoea.

Jambo moja tu lilitutia aibu: vioo vya chumba cha juu. Vilijaa madoa ya chokaa kila mahali, kana kwamba mpaka rangi alipiga chafya akiwa na brashi mkononi. Wageni walinung'unika. "Mzee, hivi vioo huoshwa lini?" Ukajibu, "Vikichafuka."

Siku moja nilikuletea chai huko juu, ukaanza: "Kasuku, haya madoa unayoyaona..." Nikakudakia: "Ni ramani ya uvivu wako, Babu, nimeshaisoma!" Ukacheka mpaka ukakohoa. Maneno yakaishia hapo.

Wiki tatu baada ya kukuzika tukaona tukupe heshima. Wazo lilikuwa langu. Bibi, Mama, Mjomba na mimi tukapanda na ndoo, sabuni na matambara, tukakwangua kutwa nzima. Bibi alikwangua huku akikusema: "Huyu mume wangu! Nyumbani ananuna akiona doa kwenye kikombe, na kazini kwake ndiko huku!" Jioni vioo vilimeta, ziwa lote na mawingu yake likaonekana ndani yake. Nikasema, "Angeviona, angefufuka kwa aibu." Tulishuka tukijipongeza.

Asubuhi Mjomba, ambaye hukata nyasi za bustani, alikuta mbayuwayu kumi na mmoja wamekufa chini ya mnara. Tukadhani ni sumu. Kesho yake, kumi na wanne. Siku ya tatu nilikuwa nimesimama palepale nikamwona mmoja akiliendea lile wingu la kiooni moja kwa moja, bila kupunguza mwendo. Kishindo chake kilikuwa kidogo sana, Babu. Kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

Ndipo Mama akafungua daftari lako la kazi. Mwaka wako wa kwanza kazini uliandika: "Mbayuwayu tisa wamekufa. Wanaona mbingu kwenye kioo. Nimepiga madoa ya chokaa, kati ya doa na doa kiganja kimoja." Siku iliyofuata: "Chini ya mnara: hakuna." Kisha hakuna, hakuna, miaka thelathini ya hakuna, kwa mwandiko wako ulioinama kama mtu anayepanda ngazi. Kila Jumatatu, bustani ikiwa imefungwa, uliyarudishia madoa yaliyofifia. Peke yako.

Tuliyarudisha siku ileile, tukapima kwa kiganja cha Mjomba, maana ndicho kinachokaribia chako. Tulikuwa tumechelewa. Wachache waliobaki waliondoka msimu wao wa kuondoka ulipofika, na msimu wa kurudi umekuja ukapita. Viota kumi na tisa vya chini ya roshani ni vitupu. Viwili vimeshaanguka. Jumamosi iliyopita alikuja mtazamaji mmoja tu, akaangalia maji, akaniuliza kama kuna kitu kingine cha kuona. Nilitaka kumjibu kama ambavyo ungemjibu wewe.

Daftari bado tunalijaza. "Chini ya roshani: hakuna." Mjomba husema huenda mwakani. Husema hivyo akiwa anatazama nyasi.

Hatukuandikii kuomba msamaha. Ungetusamehe haraka, halafu ungepanda juu ukakae na vile viota. Tunakuandikia ili ujue.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anamimina kikombe cha pili na kukiacha kipoe. Binti yako, anayelitunza daftari. Mwanao, mkata nyasi. Na mjukuu wako, Kasuku. Haitapita siku tusikutaje.

Sasa malizia, Babu. "Haya madoa unayoyaona..."

Sikudakii tena.